Daktari Kijana Wodini

Zamani kijana wa Kenya aliyetaka udaktari alikwenda Makerere, Uganda, ambako mafunzo yalianza mwaka 1924. Mwaka 1967 Nairobi nayo ikapata kitivo chake.

Mwanafunzi huzungushwa wodi kwa wodi: magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, uzazi. Akihitimu, huzungushwa tena mwaka mzima chini ya wakubwa wake, ndipo aombe kusomea ubingwa.

Kwa hivyo, ukitumwa kutoka Mwatate hadi hospitali kubwa, Voi au Mombasa, huenda ukampata kijana huyo. Akikuuliza kuhusu mimba iliyoharibika au dawa za kienyeji ulizokunywa, usimfiche. Jibu lako laweza kukuokoa. Nawe uliza: "Daktari, msimamizi wako ni nani?" Ni haki yako.