Malipo ya Uzeeni: Sadaka au Haki?

Mtu aliyefanya kazi miaka hamsini, kisha nguvu zikamwisha na wana hana, atakula nini? Swali hili ni la zamani, nao Waingereza walilijibu kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni ya mwaka 1601, zamani za Malkia Elizabeth wa Kwanza. Kila mtaa wa kanisa uliamriwa kutoza kodi ili kuwasaidia maskini wake. Lakini mwaka 1834 sheria ilikazwa. Mwenye nguvu aliyeomba msaada alitakiwa kuingia katika nyumba ya maskini, na humo mume alitengwa na mkewe. Wazee wengi nao waliishia humo. Watu waliiona nyumba ile kuwa aibu kubwa, hata wengine wakachagua kustahimili njaa.

Njia ya pili ilifunguliwa mwaka 1908, Bwana Asquith akiwa Waziri Mkuu na Bwana Lloyd George Waziri wa Fedha. Sheria mpya ilisema kwamba mzee wa miaka 70 mwenye pato dogo apewe hadi shilingi 5 kila juma kutoka hazina ya Serikali. Hakudaiwa mchango kwanza, kama walivyodaiwa wafanya kazi wa Ujerumani kwa sheria yao ya mwaka 1889. Malipo yalianza tarehe 1 Januari 1909, nayo yalitolewa posta. Angalieni jambo hilo: mzee alikwenda mahali pale pale watu wote wanunuapo stempu, akapokea fedha yake, asimpigie mtu magoti.

Hata hivyo sheria ile ilikuwa na kasoro. Waliokuwa wakipokea msaada wa maskini walinyimwa kwanza, mpaka kizuizi kilipoondolewa mwaka 1911.

Mwaka 1948 Umoja wa Mataifa ulitangaza kwamba kila mtu ana haki ya hifadhi ya jamii. Na huku kwetu, mwezi wa Aprili 2016, Serikali ya Zanzibar ilianza kuwalipa wakaazi waliotimiza miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, tajiri na maskini sawasawa.

Wako wasemao kwamba kumlisha mzee ni kazi ya wanawe. Ni kweli, wala sheria haikuwaondolea wajibu huo. Lakini si kila mzee ana mwana, wala si kila mwana ana kitu. Sadaka hutegemea moyo wa mtoaji. Haki imeandikwa, na mwenyewe aweza kuidai. Nayo haikuota kama uyoga: ukiona vyaelea, vimeundwa.