Mzinga wa Königsberg

Mzinga wa Königsberg ni mzinga wa meli ya kivita ya Kijerumani, wenye kipenyo cha sentimita 10.5, uliohifadhiwa Fort Jesus, Mombasa. Ni mmoja kati ya mizinga 10 mikuu ya manowari SMS Königsberg, iliyoanza kazi mwaka 1907 na kuwasili Dar es Salaam Juni 1914. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia vilipozuka, manowari hiyo iliiteka meli ya mizigo City of Winchester karibu na Omani, na tarehe 20 Septemba 1914 ikaishambulia manowari ya Uingereza HMS Pegasus iliyotia nanga Zanzibar kwa matengenezo, ikaizamisha. Baadaye ilijificha katika mikono ya delta ya mto Rufiji, hadi iliposhambuliwa na meli za kivita za Uingereza, Severn na Mersey, na mabaharia wake wakaizamisha wenyewe tarehe 11 Julai 1915.

Thamani kubwa ya mizinga hiyo ilionekana nchi kavu. Yote 10 iliopolewa, na mingi ikafungwa magurudumu katika karakana za Dar es Salaam, ikakokotwa na majeshi ya kamanda wa Kijerumani von Lettow-Vorbeck. Mmoja ulifungwa kwenye meli Graf von Goetzen, katika Ziwa Tanganyika. Fort Jesus pia imehifadhi mzinga wa Pegasus.