Kahawa ya Burundi: aina zake na namna ya kutambua ipendwayo

Mjini Bujumbura, jina Buyenzi huwakumbusha wengi mtaa wa Waswahili. Jina hilo hilo ni la eneo la kaskazini mwa nchi, upande wa Kayanza na Ngozi, ambako milima imefunikwa na mibuni. Sehemu kubwa ya kahawa ya huko husafirishwa nje, na wakulima wengi hawana desturi ya kuinywa. Kwa sababu hiyo, majina ya aina zake yanajulikana zaidi kwa wanunuzi wa ng'ambo kuliko kwa wenyeji.

Karibu kahawa yote ya Burundi ni arabika. Ilienea wakati wa utawala wa Ubelgiji, hasa katika miaka ya 1930, wakulima walipolazimishwa kuipanda. Aina iliyotawala ni Bourbon, iliyopewa jina la zamani la kisiwa cha Réunion katika Bahari ya Hindi. Wafaransa waliifikisha mbegu yake huko kutoka Yemen mwanzoni mwa karne ya 18. Bourbon husifiwa kwa utamu wake na uchachu mpole unaofanana na wa matunda. Udhaifu wake ni kwamba hushambuliwa kwa urahisi na kutu ya majani na chulebuni.

Pamoja nayo hupatikana Jackson, yenye asili ya India, na Mibirizi, iliyopata jina lake kutoka misheni moja ya kusini-magharibi mwa Rwanda. Nchini Kenya, aina ya SL28, iliyoteuliwa na watafiti katika miaka ya 1930, ina uchachu mkali zaidi, ambao waonjaji huufananisha na mvinyo mwekundu. Ruiru 11, iliyotolewa huko mwaka 1985, hustahimili magonjwa yote mawili, lakini waonjaji wengi waliiweka chini ya SL28 kwa ladha. Robusta, inayolimwa sana Uganda, ni chungu na nzito, na kafeini yake hukaribia maradufu ya ile ya arabika.

Aina peke yake haitoshi kueleza ladha. Mwinuko wa shamba, uoshaji wa buni na ukaangaji hubadilisha mengi. Bourbon iliyokaangwa hadi kuwa nyeusi haitofautiani sana na nyingine, kwa kuwa uchungu wa moto hufunika utamu wake. Aidha, katika nchi za Maziwa Makuu kuna kasoro iitwayo ladha ya kiazi, inayohusishwa na mdudu anayetoboa tunda la mbuni. Haidhuru afya, lakini punje moja huweza kuharibu kikombe kizima.

Anayetaka kulinganisha hahitaji vifaa vya gharama. Waonjaji hutumia takriban gramu 8 za kahawa iliyosagwa kwa mililita 150 za maji yaliyotoka kuchemka na kutulia kidogo. Vikombe huwekwa sambamba bila kuonyesha majina, wala sukari haitiwi. Baada ya dakika 4, tabaka la juu huvunjwa kwa kijiko na harufu hunuswa. Kisha kahawa huonjwa kwa kuivuta kwa nguvu mdomoni, na hurudiwa kuonjwa inapopoa, kwani utamu na kasoro hujitokeza zaidi kinywaji kikiwa vuguvugu. Kikombe ambacho mwonjaji hukirudia kila mara kabla ya kujua jina lake, hicho ndicho akipendacho kweli.

Tangu mwaka 2012, Burundi imeshiriki mashindano ya kimataifa ya Cup of Excellence, ambako kahawa bora hupewa alama na kuuzwa kwa mnada. Lakini mkulima huulinda mbuni wa Bourbon, licha ya magonjwa yake, pale tu ladha yake inapolipwa. Mnywaji wa Bujumbura anayeitaja kahawa kwa jina dukani, na kukubali kuilipia, humpa mkulima huyo sababu moja zaidi ya kutoung'oa.