Upasuaji wa tundu moja kitovuni

Upasuaji wa tundu moja kitovuni ni aina ya upasuaji wa matundu madogo (laparoskopia) ambapo kamera na vyombo vyote hupitishwa kwenye mpasuko mmoja wa sentimita 2 hadi 2.5 uliofichwa ndani ya kitovu. Katika laparoskopia ya kawaida mfuko wa nyongo hutolewa kwa matundu manne yaliyotawanyika tumboni. Hapa yote hukusanywa mahali pamoja. Njia hii hutumika hasa kutoa mfuko wa nyongo na kidole tumbo, kufunga kizazi na kuondoa uvimbe wa ovari. Madaktari wenye uzoefu mkubwa huitumia pia kukata sehemu ya utumbo mpana.

Kwa nini kitovu

Kitovu ni kovu ambalo kila mtu analo tangu mabaki ya kamba ya kitovu yalipokauka na kudondoka akiwa mchanga. Hapo ngozi imeshikana na utando mgumu wa ukuta wa tumbo bila msuli katikati, na hata kwa mtu mnene mafuta yake ni machache. Njia ya kuingia ni fupi, na mikunjo hufunika mshono. Lakini wembamba huohuo ndio udhaifu wake: hapo ndipo ngiri ya kitovu hutokea.

Historia

Kuchungulia tumbo kwa chombo kulianza mwaka 1901, Georg Kelling wa Ujerumani alipolijaza hewa tumbo la mbwa na kuingiza kifaa cha kuangalia kibofu cha mkojo. Mwaka 1910 Hans Christian Jacobaeus wa Stockholm alitangaza kwamba amefanya hivyo kwa binadamu.

Wengi hudhani tundu moja ni hatua iliyofuata baada ya matundu manne. Ukweli ni kinyume chake. Mwaka 1969 Clifford Wheeless wa Johns Hopkins, Baltimore, alikwisha kueleza jinsi ya kufunga kizazi kwa tundu moja, kwa haraka na kwa gharama ndogo. Ilikuwa tarehe 12 Septemba 1985 ndipo Erich Mühe, daktari wa mji mdogo wa Böblingen, alipotoa mfuko wa nyongo kwa laparoskopia kwa mara ya kwanza, na wenzake wa Ujerumani wakampokea kwa dharau. Miaka michache baadaye walikuwa wanafanya alichofanya.

Marco Pelosi wa New Jersey alitoa mfuko wa uzazi kwa tundu moja mwaka 1991, kisha kidole tumbo mwaka 1992. Mwaka 1997 Giuseppe Navarra na wenzake wa Italia walieleza jinsi ya kutoa mfuko wa nyongo kwa jeraha moja: waliweka mirija miwili kitovuni, wakautundika mfuko wenyewe kwa nyuzi zilizopenyezwa kwenye ukuta wa tumbo. Ulikuwa ubunifu wa hali ya juu, lakini vyombo vya wakati huo vilikuwa vimenyooka na vigumu, na wachache waliufuata.

Mambo yalibadilika mwaka 2007. Mwezi Aprili kikosi cha Jacques Marescaux cha Strasbourg kilitoa mfuko wa nyongo kupitia ukeni, na shauku ya kupasua bila kovu ikaenea. Njia ya ukeni ilikuwa ngumu, na haiwafai wanaume. Kitovu kikawa suluhisho la busara. Mwaka huohuo Paul Curcillo wa Philadelphia alianza kutoa mfuko wa nyongo kwa njia hiyo, na viwanda vikaharakisha kutengeneza vyombo vyake.

Jinsi unavyofanyika

Mgonjwa hulazwa chali na kupewa nusu kaputi. Kitovu husafishwa kwa uangalifu hadi ndani kabisa ya mikunjo, kwa kijiti chenye pamba na dawa, kwa maana taka za miaka hujificha humo na kusahauliwa. Daktari hushika kingo kwa koleo mbili, hukigeuza kitovu nje, hukata katikati kwenda chini hadi utandoni, kisha huweka kizibo chenye matundu matatu au manne. Tumbo hujazwa kaboni dioksidi kwa shinikizo la milimita 12 hadi 15 za zebaki, nao ukuta huinuka kama hema.

Kizibo cha kiwandani ni ghali na hutupwa baada ya mgonjwa mmoja. Badala yake madaktari wengi hutumia glavu ya kawaida: mdomo wake hufungwa juu ya pete ya plastiki inayopanua jeraha, ncha za vidole hukatwa, na kila kidole hufungiwa mrija wake. Gesi inapoingia glavu hutuna, na kamera hupita kidole kimoja, mkasi kingine. Ni kifaa rahisi, na hufanya kazi vizuri.

Ugumu huanza hapo. Vyombo vyote vikipita mlango mmoja, hugongana kama panga, na mikono ya daktari hupishana: chombo cha mkono wa kushoto hutokea upande wa kulia wa skrini. Ili kuupunguza, hutumiwa vyombo vilivyopinda na kamera ndefu, nyembamba, inayotazama kwa pembe ya digrii 30. Kabla ya kukata chochote kwenye mfuko wa nyongo ni lazima mfereji na mshipa wake wa damu vionekane wazi kila kimoja. Visipoonekana, tundu la pili huongezwa. Si aibu kuongeza. Aibu ni kukata mfereji mkuu wa nyongo kwa kung'ang'ania kovu dogo.

Mwishoni utando hushonwa kwa uzi mnene unaoyeyuka polepole, na kitovu hurudishwa ndani.

Faida na hasara

Faida iliyo wazi ni mwonekano. Kuhusu maumivu, tafiti zinapingana. Muda wa chumba cha upasuaji huwa mrefu zaidi.

Hasara kubwa ni ngiri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ukiongozwa na Jeffrey Marks wa Marekani ulifuatilia wagonjwa 200 waliotolewa mfuko wa nyongo: baada ya mwaka mmoja, ngiri ilionekana kwa asilimia 8.4 ya waliopasuliwa kitovuni, na asilimia 1.2 ya waliopasuliwa kwa matundu manne. Mgonjwa anastahili kuambiwa takwimu hizi kabla ya kutia saini fomu ya ridhaa, zikiwa sambamba na picha ya tumbo lisilo na kovu.

Wanene sana, wenye ngiri ya kitovu, wenye mfuko wa nyongo uliovimba vibaya na wenye makovu mengi ya upasuaji wa zamani kwa kawaida hushauriwa njia nyingine.

Roboti

Desemba 2011 mamlaka ya Marekani inayoidhinisha vifaa tiba iliruhusu vyombo vya tundu moja vya roboti ya upasuaji ya da Vinci kwa mfuko wa nyongo. Mwaka 2018 iliruhusu da Vinci SP, inayotoa kamera na vyombo vitatu katika mrija mmoja, kwanza kwa upasuaji wa njia ya mkojo.