Pua Haina Kasoro, Rula Ndiyo Ilikuwa ya Mtu Mwingine

Wiki mbili zilizopita binamu yangu alinitumia picha mbili kwa simu. Ya kwanza ni yeye. Ya pili ni mwigizaji wa zile tamthilia za Korea ambazo sisi wote tunaangalia usiku tukijidai tunasoma. Chini akaandika: "Dadangu, nikianza kazi, pua naitengeneza iwe hivi."

Nilimjibu kwa kikatuni cha kucheka, nikaweka simu chini. Lakini usingizi ulikataa. Sababu ni hii: mimi mwenyewe, kila nikirekodi video, kuna filta naweka. Kabla hata haijalainisha ngozi, hiyo filta inapunguza pua yangu. Sijawahi kuiambia ifanye hivyo. Inakuja nayo tu.

Basi nikaanza kuchimba. Nilitaka kujua kitu kidogo: watu wa Korea, Japani na China wakienda kutengeneza pua, wanafanyiwa ile ile wanayofanyiwa Wazungu? Jibu ni hapana. Karibu kila kitu kimegeuzwa. Na ukifuata venye kiligeuzwa, unapata historia ambayo hakuna mwalimu alitufundisha.

Kwanza tuelewane kuhusu neno "Mwasia". Hapa Kenya ukisema Mwasia, mtu anafikiria Mhindi wa Parklands, wale ambao mwaka wa 2017 serikali iliwatambua rasmi kama kabila la 44. Kwenye vitabu vya upasuaji wa pua, "pua ya Kiasia" mara nyingi ni ya watu wa mashariki ya bara hilo: Korea, Japani, China, Vietnam na majirani zao. Iran pia iko Asia, na upasuaji wa pua ni maarufu sana kule, lakini wengi huenda kupunguza, si kuongeza. Kwa hivyo hilo neno moja limebeba mabilioni ya watu na pua za kila aina. Liweke akilini, tutalirudia.

Sasa turudi nyuma kabisa. Upasuaji wa pua haukuanzia Ulaya. Ulianzia huko huko Asia. Nchini India, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, maandishi yanayoitwa Sushruta Samhita yalieleza jinsi ya kumjengea mtu pua mpya kwa kutumia ngozi ya shavu lake. Kwa nini wajue kitu kama hicho mapema hivyo? Kwa sababu kukatwa pua ilikuwa adhabu. Mtu akikatwa pua anatembea na aibu yake usoni maisha yote, kwa hivyo kumrudishia pua ilikuwa kumrudishia heshima.

Wazungu waliipata kwa kuchelewa. Mwezi wa Oktoba 1794, jarida la London liitwalo Gentleman's Magazine lilichapisha habari za Cowasjee, mwendesha mikokoteni ya ng'ombe aliyefanya kazi na jeshi la Waingereza kule India. Alitekwa na watu wa Tipu Sultan, wakamkata pua na mkono. Baadaye fundi mmoja wa tabaka la wafyatua matofali alimjengea pua nyingine kwa kipande cha ngozi ya paji la uso. Wasee, fundi wa matofali! Daktari Joseph Carpue wa London alisoma habari hizo, na mwaka wa 1814 akafanya upasuaji kama huo kwa mara ya kwanza kwake.

Mpaka hapo, kazi ilikuwa kumrudishia mtu alichopoteza. Mwishoni mwa karne ya 19 mambo yakageuka. Mwaka wa 1887, kule Rochester, New York, daktari John Orlando Roe aliandika jinsi ya kurekebisha pua fupi yenye ncha ya mviringo, akaiita ulemavu. Hiyo ndiyo pua ambayo wachora katuni wa Marekani walikuwa wanapenda kuwachorea wahamiaji kutoka Ireland wakiwakejeli. Mwaka wa 1898, mjini Berlin, Jacques Joseph alimpunguza pua mwanamume aliyeona haya hata kutoka nje. Joseph alikuwa Myahudi, na zamani aliitwa Jakob. Wengi waliomfuata walikuwa Wayahudi waliochoka kunyooshewa kidole kwa sababu ya pua.

Umeona? Hakuna mtu hapo aliyekatwa pua. Pua zilikuwa nzima, zinapumua vizuri. Shida ilikuwa macho ya majirani.

Na hayo macho yalikuwa na rula. Wanasayansi wa Ulaya walikuwa wamebuni hesabu ya kugawanya upana wa pua kwa urefu wake, eti ipange watu kwa mbari. Kule India, afisa wa Kiingereza Herbert Risley aliipima pua za watu na kudai kwamba kadiri pua ilivyo nyembamba, ndivyo tabaka la mtu lilivyo juu. Usidhani hiyo ni mambo ya mbali. Hapa jirani, Rwanda, wakoloni wa Kibelgiji walipima pua na vimo vya watu, na mwaka wa 1994 kuna waliouawa kwenye vizuizi vya barabarani kwa sababu ya sura zao. Pua si mchezo, bana.

Sasa twende kwenye chumba cha upasuaji. Joseph na wenzake waliandika mbinu zao, na mbinu hizo zikawa msingi wa somo zima. Nyingi zinaenda upande mmoja: kutoa. Sugua kinundu cha mfupa juu ya pua. Kata kidogo ile gegedu, yaani mfupa laini kama ule unaoutafuna kwenye kuku. Sogeza mifupa ya pembeni karibu. Kwa pua ndefu yenye ngozi nyembamba, inafanya kazi, kwa sababu ngozi nyembamba inalala juu ya umbo jipya na kila kitu kinaonekana.

Mpelekee mgonjwa kutoka Seoul hiyo hiyo mbinu, utaharibu. Kwa wengi wao (si wote), mgongo wa pua uko chini na hauna kinundu cha kusugua. Ngozi ya ncha ni nene na ina mafuta mengi. Gegedu ya ndani ni ndogo na laini. Ukikata gegedu chini ya ngozi nene, ngozi haishuki kuonyesha umbo. Inabaki juu kama hema lililotolewa nguzo. Badala ya pua iliyochongoka unapata kidonge.

Kwa hivyo madaktari wa Asia ya mashariki walilazimika kufanya kinyume: kuongeza. Lakini uongeze na nini? Hapo ndipo watu waliumia.

Mwishoni mwa karne ya 19, Robert Gersuny wa Vienna alianza kudunga mafuta ya parafini chini ya ngozi. Ikaonekana rahisi, ikasambaa dunia nzima. Halafu parafini ikaanza kuhama na kuacha mavimbe magumu usoni. Kuna waliochonga pembe ya ndovu na kuiingiza puani. Ndiyo, pembe ya ndovu. Kisha ikaja silikoni, na kufikia miaka ya 1960 ilikuwa inatumika Asia ya mashariki. Mwaka wa 1964 daktari wa Singapore, Khoo Boo-Chai, alichapisha makala kuhusu kuinua pua za watu wa kwao. Somo lilikuwa limeanza kuandikwa na wenyewe.

Silikoni ilikuwa rahisi na inachongeka. Wengi waliwekewa kipande chenye umbo la herufi L, kinachopita juu ya pua na kushuka kwenye ncha. Shida ni kwamba ncha ya pua inasogea kila siku: ukicheka, ukipenga kamasi, ukilalia uso. Kipande kigumu kinasukuma ngozi miaka nenda miaka rudi, ngozi inakuwa nyembamba, na kwa wengine silikoni ikatokeza nje. Wengine walipata maambukizi, au kovu la ndani likaivuta pua ikawa fupi kuliko ilivyokuwa mwanzo.

Ndiyo maana miongo ya karibuni madaktari wengi wa Korea wamegeukia gegedu ya mgonjwa mwenyewe, hasa kwa ncha. Lakini hapo pia kuna hesabu. Ukuta wa kati wa pua ndiyo nguzo. Daktari akichukua gegedu hapo lazima abakize ukanda wa karibu milimita 10 juu na mbele, la sivyo pua inaporomoka. Kama ukuta wenyewe ni mdogo, kinachobaki cha kuchukua ni kidogo sana. Basi wanachukua nyuma ya sikio. Sikio lisipotosha, wanaenda kwenye ubavu. Gegedu ya ubavu ni nyingi na imara, lakini inaweza kupinda baadaye, na kifuani unabaki na kovu. Ule "upasuaji mdogo" unaouona kwenye video ya sekunde 30 unaweza kuwa ni mtu amefunguliwa kifua ili apate pua. Na zile sindano za kujaza pua bila kisu, usizichukulie kama kusuka nywele. Dawa ikiingia kwenye mshipa wa damu inaweza kuua ngozi, hata kukupofusha.

Kufikia hapo ningesema ni mambo ya ufundi tu: miili tofauti, mbinu tofauti. Lakini kuna kitu kingine. Mwaka wa 1954 daktari wa jeshi la Marekani, Ralph Millard, alikuwa Korea baada ya vita. Alifanya kazi nzuri sana: mbinu yake ya kushona watoto waliozaliwa na mdomo uliopasuka inatumika mpaka leo. Lakini huyo huyo pia aliwafanyia Wakorea kope za macho zifanane na za Wazungu, na akaandika kuhusu uso wa Kikorea kana kwamba ni uso usiokamilika. Mkono mmoja ulikuwa unaponya, mwingine unasahihisha kisichokuwa na kosa.

Mwaka wa 1993 mtafiti Eugenia Kaw aliandika kuhusu Wamarekani wenye asili ya Asia waliofanyiwa upasuaji wa urembo. Alionyesha jinsi lugha ya udaktari inavyogeuza sura ya kawaida kuwa ugonjwa. Pua inaitwa bapa, kope zinaitwa nzito, mgongo wa pua unaitwa "pungufu". Pungufu kuliko nani? Hapo ndipo rula inajificha. Mtu akisema pua yako imepungukiwa, tayari ameshachagua pua nyingine iwe kamili.

Na sisi tuko wapi kwenye hiyo hadithi? Kwa miaka mingi vitabu vya Kizungu vilikuwa na sura nyingi kuhusu "pua", kisha sehemu ya nyuma kuhusu pua "zisizo za Kizungu". Humo ndani tuko sisi, Wakorea na kila mtu mwingine. Ile moja inaitwa pua, zetu zinaitwa aina.

Sisemi kila anayeenda Seoul anataka kuwa Mzungu. Huo pia ni ukoloni wa aina yake, kudhani kila mtu duniani anaota kuwa wewe. Wakorea wengi watakuambia wanataka kufanana na Mkorea mrembo, na leo madaktari wengi wanajivunia kubakiza sura ya asili. Nawaamini. Pia simlaumu yule Myahudi wa Berlin aliyetaka tu kupita barabarani bila kutukanwa. Nguo ya kuazima haisitiri makalio, lakini kuna siku mtu hana nguo nyingine.

Ninachokataa ni kuambiwa tofauti ni kasoro. Gegedu nyembamba ni tofauti. Ngozi nene ni tofauti. Daktari anayejua tofauti hizo atakulinda. Daktari anayeziona kama kasoro atakukata. Kwa karibu karne nzima, kuchanganya hayo mawili kumewaachia watu parafini usoni na silikoni inayotoboa ngozi.

Jumapili nilimpigia binamu yangu nikamweleza yote haya, kutoka fundi wa matofali hadi ubavu. Alisikiliza, halafu akauliza, "Kwa hivyo unaniambia nisifanye?"

Nikamwambia uso ni wake. Ila akienda kwa daktari yeyote, aulize vitu viwili. Cha kwanza: umewahi kufanyia pua ngapi kama yangu, na niwaone? Cha pili: ukisema "kurekebisha", unarekebisha kulingana na pua ya nani? Akishindwa na hilo la pili, achukue mkoba wake aende nyumbani.

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Sawa dadangu. Na ile filta yako?"

Manze, sikuwa na jibu.

Video ya wiki hii nimerekodi bila filta. Pua mtakayoiona ni ile ya nyanya yangu, pana, imekaa katikati ya uso kama mwenye nyumba. Wiki ijayo siahidi kitu. Lakini kwa leo, iangalieni vizuri, halafu mniambie hapo chini: yako ulianza kuichukia ukiwa na miaka mingapi, na ni nani alikuwa ameshika rula?