Entebbe Baada ya Filamu: Julai 1976 Mpakani

Katika filamu za utekaji nyara, mateka wakishaokolewa hadithi imekwisha. Kabla ya mwaka 1977 kumalizika, uvamizi wa Entebbe ulikuwa umeigizwa mara tatu: Victory at Entebbe, Raid on Entebbe na Operation Thunderbolt. Katika insha hii ninadai kwamba kwetu sisi wa Busia na Tororo, mkasa huo ulianza pale filamu zinapoishia.

Juni 27, 1976, ndege ya Air France iliyotoka Tel Aviv kwenda Paris ilitekwa baada ya kuondoka Athens, kisha ikapelekwa Entebbe, ambako Idi Amin aliwapokea watekaji. Usiku wa kuamkia Julai 4, makomando wa Israeli waliwaokoa mateka 102. Wakati wa kurudi, ndege zao zilitua Nairobi na kujazwa mafuta.

Kituo hicho cha Nairobi ndicho kilichotuponza. Mwezi Februari Amin alikuwa tayari amedai maeneo ya magharibi ya Kenya yaliyokuwa chini ya Uganda hadi 1902. Sasa akawageukia Wakenya walioishi Uganda: mamia waliuawa, maelfu wakakimbia. Kenya nayo ilitaka bidhaa zilipiwe kwa fedha zake, na mafuta yaliyopitia Mombasa yakaadimika Uganda. Mwaka uliofuata Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika.

Hapa mpakani madhara yalikuwa ya pekee, kwa sababu Wasamia na Wateso wanaishi pande zote mbili. Kumsaka Mkenya kulimaanisha kumsaka mjomba au shemeji wa mtu.

Huenda msomaji akasema kwamba filamu si kitabu cha historia. Nakubali. Lakini wengi wetu tuliijua Entebbe kwanza kupitia filamu, na filamu hutufundisha nani wa kukumbukwa. Dora Bloch, mateka aliyebaki Hospitali ya Mulago na kuuawa, anajulikana kwa jina. Mabaki yake yalipatikana 1979 na kuzikwa kwa heshima. Ni haki yake. Wakenya waliouawa kwa kisasi hichohicho wanatajwa kwa idadi tu.

Aliyekuwa na miaka 20 wakati huo sasa ni mzee. Naona kazi yetu wanafunzi wa historia ni kwenda Malaba, Tororo na Busia kuyaandika majina hayo, kabla wanaoyakumbuka hawajaondoka.