Kulewa Ziwa: Historia Fupi ya Kichefuchefu cha Safari za Majini

Mwezi wa Agosti 2024 nilipanda boti hapa Gisenyi kwenda Rusizi kumtembelea dada yangu. Nilikaa nyuma karibu na injini, nikawa nasoma maandishi ya somo kwenye simu. Kabla hatujafika Karongi nilikuwa nimetapika mara tatu. Mimi nimezaliwa mahali ambapo ziwa linaonekana kutoka mlangoni, kwa hiyo aibu ya siku ile ilizidi hata maumivu ya tumbo. Mama mmoja mfanyabiashara, ambaye Kiswahili chake kilionyesha wazi kuwa ni cha Goma, alinihurumia. Aliwaambia wenzake, "Huyu mutoto amelewa ziwa." Kisha akanigeukia: "Mwanangu, acha kuangalia simu. Kuja hapa katikati, angalia Idjwi. Kisiwa hakitembei." Nikaenda, nikakazia macho milima ya Idjwi, na baada ya nusu saa niliweza kunywa maji.

Neno alilolitumia ndilo lililonifanya niandike insha hii. Kwa nini kulewa, wakati sikuwa nimeonja hata tone la pombe?

Lugha nyingi zimeuweka ugonjwa huu tumboni, au zimeuita kwa jina la mahali unapotokea. Wagiriki wa kale walilipata jina lake kutokana na neno lao la meli, naus. Wafaransa wanauita ugonjwa wa bahari. Sisi kwa Kinyarwanda tunasema isesemi, na hapo tunazungumzia tumbo linalotaka kurudisha. Waswahili wanacho kichefuchefu, wanacho pia kigegezi, lakini husema vilevile kwamba mtu amelewa bahari, au amelevywa na mawimbi. Msemaji wa namna hiyo haangalii tumbo. Anaangalia kichwa kinachozunguka na miguu isiyoshika ardhi. Ni kitenzi hichohicho kinachotupa kulewalewa, yaani kuyumba. Nitajaribu kuonyesha kwamba jina hili lililenga mahali ambapo tiba ya vitabuni ilichukua karne nyingi kufika.

Tuanze na Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037. Katika Kanuni ya Tiba aliweka ushauri kwa wasafiri wa baharini. Alieleza kwamba kizunguzungu na kutapika huwapata siku za mwanzo, kisha hutulia. Kwamba kutapika kusizuiwe haraka isipokuwa kumezidi. Na kwamba matunda kama tufaha na komamanga husaidia. Ni ushauri wa mtu mwangalifu, na sehemu kubwa yake bado ina maana, lakini dawa zenyewe zinaelekezwa tumboni.

Pwani yetu ya Afrika Mashariki ilikuwa na kinga ya aina nyingine, nayo ni kalenda. Majahazi yalikuja kutoka Arabuni na Bara Hindi kwa upepo wa kaskazi na kurudi kwa kusi, na kusi lilipochafuka katikati ya mwaka, manahodha walingoja bandarini. Lengo lao lilikuwa kuokoa chombo na mzigo, si matumbo ya abiria, lakini abiria naye alifaidika. Hata hivyo kuna waliochagua mawimbi kwa hiari. Ibn Battuta, alipofika Zeila akielekea Mogadishu na Kilwa mwaka 1331, aliona afadhali alale chomboni ingawa bahari ilikuwa imechafuka, kwa sababu mji ulinuka samaki na damu ya ngamia waliochinjwa njiani. Namwelewa. Harufu mbaya inaweza kuwa nusu ya ugonjwa.

Mabadiliko makubwa yalikuja katika miaka ya 1880. Mwaka 1881 daktari J. A. Irwin aliandika kwamba ugonjwa huu si wa bahari peke yake, bali ni wa mwendo. Mwaka uliofuata William James, mwanasaikolojia wa Marekani, alichapisha utafiti juu ya viziwi. Kati ya viziwi 519 aliopata habari zao, 186 hawakuhisi kizunguzungu hata kidogo walipozungushwa. Ikiwa sikio limeharibika na kizunguzungu kimetoweka, basi chanzo kimo sikioni. Baadaye, mwaka 1914, Robert Bárány alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya mifereji midogo ya ndani ya sikio, iliyojaa majimaji, ambayo hutuambia kama tunageuka. Maelezo yanayokubaliwa na wengi leo ni kwamba ubongo hupokea habari mbili zinazopingana. Sikio linasema tunayumba; macho yaliyokazwa kwenye simu yanasema tumetulia. Ugomvi huo ndio unaotutapisha, na ndiyo sababu Idjwi ilinisaidia: niliyapa macho habari ileile ambayo sikio lilikuwa nayo.

Pombe nayo huvuruga mifereji hiyohiyo, na ndiyo maana mlevi aliyelala huona kitanda kinazunguka. Sidai kwamba wazee wa Lamu au Bagamoyo walipasua masikio wakachunguza. Walimtazama mtu anavyotembea, wakaona anafanana na mlevi, wakasema hivyo. Lakini walitazama vizuri.

Kidonge kinachojulikana zaidi kilipatikana kwa bahati. Mwaka 1947, huko Baltimore, madaktari Gay na Carliner walikuwa wakimpa mwanamke mjamzito dawa mpya ya kuwashwa kwa ngozi. Yeye ndiye aliyegundua kwamba akiimeza kabla ya kupanda tramu, hachafukwi tena na moyo. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo waliijaribu kwa askari zaidi ya 1,300 waliovuka Atlantiki katika meli ya General Ballou, nayo ikafaa. Majina ya madaktari yamo vitabuni. Mwanamke amebaki "mgonjwa". Tangawizi nayo, ambayo bibi yangu hakuhitaji daktari amwambie, ilijaribiwa baharini kwa wanafunzi 80 wa jeshi la majini la Denmark, na matokeo yaliyotolewa mwaka 1988 yalionyesha kwamba gramu moja ya unga wake ilipunguza kutapika. Vyote viwili vitumike kabla ya safari. Kidonge kwa aliyekwisha kuanza kutapika hurudi pamoja na chai, na hata kikikaa humletea mtu usingizi.

Lakini kila ninapoandika "kaa katikati, tazama mbali" nasita. Mama yule aliniambia alijifunza hayo katika boti za Minova na Goma, alikokuwa akipitisha vyakula kwa sababu vita vilifunga barabara. Tarehe 3 Oktoba 2024, majuma machache baada ya safari yangu, boti ya MV Merdi iliyotoka Minova ikiwa imejaza watu kupita kiasi ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma, na makumi ya watu wakafa. Sikuwa nimemuuliza jina, kwa hiyo sikuwa na jina la kuulizia. Tangu hapo nimezisoma upya dawa zote nilizozitaja, nami naona zote zinamfikiria abiria mwenye nafasi ya kuchagua pa kukaa. Historia hii imeandikwa na madaktari na wasafiri waliolipa nauli. Watu waliofungwa chini ya majahazi ya watumwa nao walilewa bahari, bila upeo wa kutazama.

Mwezi uliopita nilikwenda tena Rusizi. Nilitafuna tangawizi, nikawahi kiti cha katikati, nikaweka simu mfukoni na kutazama Idjwi. Nilitapika mara moja tu, tulipopita Karongi.